Metroni Aliyeikataa Ndiyo

Ukimtikisia kichwa, alijifanya hajakuona. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilomwambia kila mfanyakazi mpya katika hospitali yetu ya misheni, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Metroni, mkuu wa manesi wote, akikuuliza kitu, usitikise kichwa. Fungua mdomo. Na ukishaufungua, usiseme "ndiyo" halafu ukanyamaza, maana hataondoka mbele yako mpaka umalize.

"Umempa mzee wa kitanda cha nne dawa yake?"

"Ndiyo, Metroni."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimempa."

"Umempa nani, umempa nini, saa ngapi? Rudia."

Basi unarudia, mikono nyuma kama mtoto wa shule, wagonjwa wanakusikiliza na wengine wanacheka chini ya blanketi. Ukimaliza bila kuruka kitu, anasema, "Hiyo nimesikia," na anaenda zake. Hasemi asante wala vizuri. Wauguzi walimwita Rudia akiwa hayupo, na naamini alijua, kwa sababu hapakuwa na kitu katika jengo lile ambacho hakukijua.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikumwamini. Nalisema mapema kwa sababu leo mimi ni mzee wa kanisa, na watu wakisikia mzee wa kanisa akimkumbuka marehemu hutarajia sifa. Sifa zitakuja. Lakini Mungu alinifikisha kwenye sifa hizo kwa njia ndefu, kupitia shaka, na nikiificha njia hiyo nitakuwa nimesema uongo.

Tuanze na viatu. Siku zile manesi wakubwa walivaa viatu vya ngozi vyenye kisigino, na ulimsikia sista akija tangu kule kwenye maabara. Metroni alivaa raba nyeupe za turubai, zile za watoto wa shule, akizipaka chokaa kila Jumapili. Hakusikika. Ungekuwa unamwambia mwenzako jambo, ukageuka, naye yupo hapo ameshika shuka anaikunja. Nilisema moyoni kwamba mtu mwema hana haja ya kutembea bila sauti.

Halafu lile daftari. Lilikuwa dogo, jalada jeusi, limefungwa kwa kipande cha bendeji. Kila mwaka alianza jipya. Alilitoa mfukoni, akaandika mistari miwili mitatu, akalifunga tena kwa bendeji ile ile, fundo lile lile. Hakuna aliyewahi kusoma ndani yake.

Msomaji mdogo anaweza kujiuliza kwa nini daftari litishe watu wazima. Lazima akumbuke sisi tulikuwa watu wa aina gani. Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu. Kabla yake, katika miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni na wasaidizi wao, tulipangwa mstari uwanjani, akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, matundu mawili ya macho tu. Tulipita mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa, ulitolewa mstarini. Baba yangu alitolewa mstarini. Alirudi baada ya miaka minne akiwa mtu wa kukaa kimya karibu na moto. Kwa hiyo mtu asiyependa kutikisiwa kichwa, anayetembea bila sauti na kuandika mambo ya wengine, sisi tulikuwa na jibu tayari juu yake. Tulinong'ona kwamba Metroni aliwahi kuwa ndani ya gunia. Nani aliyesema kwanza, sijui. Mimi nililisema pia, na nililisema zaidi ya mara moja.

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu, na inabidi niieleze, kwa sababu bila hiyo picha ya mama huyu haikamiliki.

Kabla hajawa metroni alikuwa sista wa chumba cha vidonda, na mimi nilikuwa dresa, yaani mtu wa kuosha vidonda na kufunga bendeji. Nilikuwa nimeoa mwaka huo. Asubuhi moja akaja mzee kutoka Gakindu, kwa miguu na gari, akiwa amechomwa mguu na uma wa kuchotea samadi alipokuwa akiweka mbolea kwenye kahawa yake. Tundu dogo, lakini la ndani. Alikuwa mcheshi. Aliniambia, "Kijana, huo mguu uoshe vizuri, ndio ninaotumia kumkimbia mke wangu." Mkewe alikuwa hapo mlangoni, na alicheka kuliko sisi.

Kidonda cha samadi kinahitaji sindano ya kuzuia pepopunda. Dawa ile ilikaa kwenye friji ya stoo, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa ametoka. Nikafunga bendeji, nikawa nasubiri ufunguo. Hapo akapita daktari wetu, mzungu mpole aliyekuja baada ya uhuru na kujifunza Kiswahili kutoka kitabuni. Alijivunia Kiswahili chake na hakupenda tumjibu kwa Kiingereza. Lori lilikuwa limepinduka barabarani na majeruhi walikuwa wanaletwa. Akauliza huku anatembea:

"Huyu hujampa sindano?"

"Ndiyo, Daktari," nikasema.

"Vizuri. Njoo unisaidie."

Akaandika kwenye kadi, nami nikamfuata.

Hapo ndipo mtu alipofia, katika maneno hayo machache. Kwetu, mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unamjibu "Ndiyo," maana yake umesema kweli, sijala. Mimi nilimwambia daktari kwamba ni kweli, sijampa. Aliposema "vizuri" nikaelewa kwamba amelichukua jambo hilo mikononi mwake. Yeye, kwa lugha ya kwao, alisikia ndiyo, nimempa. Akaandika kwenye kadi kwamba sindano imetolewa. Mzee akaambiwa aende nyumbani, akaenda, akiniaga kwa mkono.

Kwa nini sikuuliza? Watu wa leo huniuliza hivyo. Dresa hakumwuliza daktari. Dresa alimjibu daktari, na jibu lilikuwa ndiyo.

Mzee alirudishwa siku ya tisa amelazwa nyuma ya pikapu, mkewe amemshika kichwa. Taya lilikuwa limekaza. Hakuweza hata kunywa maji. Siku ya tatu akafa, na mkewe akaambiwa pepopunda ni ugonjwa mbaya, jambo ambalo ni kweli. Kisha akanitafuta mama yule, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa jinsi nilivyomfunga mumewe bendeji nzuri ile siku ya kwanza. Nilimjibu, "Ndiyo, mama."

Niliitwa ofisini. Daktari alikuwa amekaa, macho mekundu, kadi mbele yake. Katibu wa hospitali akauliza, "Uliulizwa kama umempa sindano, ukasema ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema. Nilikuwa nimesema ndiyo, kweli. Sikujua kueleza zaidi, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Wakanitoa nje, wakamwita sista wa chumba cha vidonda. Nilimwona akipita na raba zake, daftari mkononi, bendeji imeshafunguliwa. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakuniangalia. Jioni hiyo nikaambiwa nimehamishiwa zahanati ya misheni kule Doldol, nianze Jumatatu.

Doldol ni mbali na kahawa na ukungu. Ni ng'ombe, mbuzi, vumbi, na wafugaji wanaoleta mgonjwa wakiwa wamemchelewesha wiki mbili. Nilikaa huko miaka miwili. Mke wangu alikuja mara moja, akarudi kwao na mtoto. Nilihudumia watu kupitia mkalimani, nikaona jinsi swali linavyotoka mdomoni mwangu likiwa hivi na kufika kwa mgonjwa likiwa vile. Lakini sikuliunganisha na jambo lolote. Nilikuwa nimeshika jambo moja tu: aliingia na daftari, nikafukuzwa. Kila siku nilijiuliza aliandika nini juu yangu, na ukurasa ule uko wapi, na siku gani utatolewa tena.

Niliporudishwa Nyeri alikuwa ameshakuwa metroni, na ile desturi ya kurudia ilikuwa imeanza. Nilidhani imetungwa kwa ajili yangu. Kila "ndiyo nini?" niliisikia kama kidole kikinigusa kifuani. Wengine walirudia na kucheka. Mimi nilirudia nikitoka jasho.

Na bado, tangu hapo niliona mambo ambayo shaka yangu haikuweza kuyameza.

Kulikuwa na mfagiaji, Mama Wairimu, mama mnene wa maneno mengi. Metroni alimtendea kama daktari mwenzake. Asubuhi, kabla ya kuzungumza na manesi wa zamu, alisimama naye karibu na ndoo. "Nani hakulala?" alimwuliza. "Nani hajala? Nani analia akidhani haonekani?" Mama Wairimu alijua yote, kwa sababu hakuna mgonjwa anayejificha mbele ya fagio. Manesi waliudhika. Mimi nilisema, ona, ana wapelelezi mpaka kwenye ndoo.

Halafu siku moja walilazwa binamu wawili. Kwetu mwana wa kwanza huitwa jina la babu yake, kwa hiyo ndugu wakiwa wanne, kila mmoja ana mwana wa jina hilo hilo. Hawa wote wawili walikuwa Mwangi, vitanda vinapakana. Mmoja wa ngiri, alikuwa apasuliwe. Mwingine alikuwa amevunjika mguu. Asubuhi ya upasuaji kitoroli kikaja, kikambeba Mwangi. Kilipofika kwenye korido Mama Wairimu akaweka fagio mbele ya magurudumu.

"Ati huyu?" akasema. "Huyu si ndiye amemaliza ugali yangu saa hii?"

Mtu anayepasuliwa haruhusiwi kula. Daktari wa upasuaji, Mkenya kijana aliyetoka kusomea ng'ambo, alikuwa anasubiri mlangoni na mikono imeshaoshwa. "Tangu lini mfagiaji anaendesha chumba cha upasuaji?" akauliza kwa hasira.

Metroni alikuwa hapo. Bila shaka alikuwa hapo, na raba zake. "Tangu leo," akasema. "Mama Wairimu, rudia."

"Nimesema huyu amekula ugali. Na tena mguu yake iko na plasta, angalia. Ile ngiri iko kwa yule mwingine, yule anasinzia."

Mwangi wa kwenye kitoroli akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani mnanipeleka kupigwa picha ya mguu."

"Nawe kwa nini hukuuliza?" akasema nesi aliyekuwa anasukuma.

"Nani anauliza daktari?" akajibu.

Daktari kijana mwishowe alicheka, na ninamsifu kwa kucheka kwake. Lakini Metroni hakucheka. Tangu siku hiyo kila mgonjwa aliulizwa jina lake lote, la baba yake, na kilichomleta, hata kama ni jirani yako unayemjua tangu utotoni. "Na jina usimtajie wewe," alituonya. "Usimwulize wewe ni Mwangi. Atasema ndiyo. Mwulize wewe ni nani." Nilisikia neno lile "atasema ndiyo," nikaona aibu, nikadhani ananisema tena.

Na alimfanyia hivyo hivyo daktari kijana. Daktari akitoa amri ya dawa kwa mdomo, Metroni hakuondoka. Alisimama, akairudia yote, jina na kiasi na saa, na kungoja. Mwanzoni daktari alisema, "Metroni, mimi si mwanafunzi wako." Akamjibu, "Najua, Daktari. Ndiyo maana ninarudia mimi." Baada ya miezi michache niliwasikia wote wawili wakirudiana kama watu wanaoitikiana wimbo kanisani. Siku moja yeye ndiye aliyekosea kiasi cha dawa, na daktari akasema, "Rudia, Metroni." Alirudia, akakuta kosa, akaandika kwenye daftari mbele yetu sote. Sijui kama kuna mkubwa mwingine niliyemwona akijiandika.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alidai kila kitu kisemwe, lakini yeye mwenyewe hakusema chochote juu yake. Hatukujua kama aliwahi kuolewa. Alikuwa mkali wa tarehe kuliko karani, lakini kitambulisho chake kilikuwa na mwaka mmoja wa kuzaliwa na rejista ya ubatizo mwaka mwingine. Katibu alipomwuliza, alimjibu, "Nilizaliwa mwaka ule ofisi inaupenda," na kwa njia hiyo akachelewesha kustaafu kwake. Hakunywa chai nyumbani kwa mfanyakazi yeyote. Alikuja kwenye arusi, kwenye matanga, akakaa, akakataa kikombe. Watu walisema anaogopa kuwekewa kitu. Alipoulizwa na Mama Wairimu, ambaye hakuogopa kumwuliza lolote, alisema, "Nikinywa chai yako leo, kesho nitakuulizaje kwa nini sakafu ni chafu?" Mama Wairimu akamwambia, "Kwani sakafu ni chafu?" Akasema, "Hapana. Kwa sababu sijanywa."

Kanisani alikaa kiti cha nyuma kabisa. Jumapili moja mhubiri alifundisha juu ya kiapo, na jinsi Bwana alivyotaka ndiyo yetu iwe ndiyo tupu, bila nyongeza. Nilikuwa nimeketi upande ule, nikamwona Metroni akisimama katikati ya mahubiri, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani amesimama kwenye nyasi, mgongo kwetu, amefumbata mkoba. Nikasema, huyo, dhambi yake imemgusa. Nilimshukuru Mungu kwa kunionyesha. Mungu anisamehe kwa shukrani ile.

Na mara mbili, siku zangu za mapumziko, nilimwona kwenye stendi akipanda gari la Gakindu. Hakuwa na ndugu Gakindu, kila mtu alijua hivyo. Mara ya pili tulikutana macho kwa macho. Akapanda gari. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Anakusanya ushahidi kwa yule mjane." Tulikuwa tumepatana tena, mimi na mke wangu, tuna watoto watatu. Akaniambia, "Miaka yote hii? Ushahidi gani huo usiokwisha?" Lakini kwa wiki kadhaa kila nilipoitwa ofisini nilikwenda nikidhani ukurasa ule umetolewa.

Hakuna kilichotokea. Nilipelekwa kusomea uuguzi, nikarudi nesi, na baadaye nikawekwa kuwa mkubwa wa wodi ya wanaume. Barua ya kunipendekeza ilitiwa sahihi na yeye. Hata hivyo hakuacha kuniita Dresa, mpaka siku aliyostaafu. Niliisoma barua ile mara nyingi nikitafuta mtego ndani yake.

Miaka ikapita. Nilistaafu nami, nikachaguliwa mzee wa kanisa, na kazi yangu moja ikawa kuwapelekea ushirika mtakatifu wale wasioweza kutoka nyumbani. Mchungaji akanipa orodha ya wagonjwa wa mtaa wa Skuta. Jina la tatu lilikuwa la Metroni.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, vyumba viwili, ua wa miti ya miiba umekatwa sawa sawa. Miguu ilikuwa imemshinda. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, shuka magotini, na nilipoingia alikuwa anaikunja ncha yake kama zamani.

"Dresa," akasema. "Umenenepa."

"Ndiyo, Metroni."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimenenepa."

"Hiyo nimesikia. Keti."

Tulisali, nikampa mkate na kikombe. Alipokea akiwa amefumba macho muda mrefu. Kisha akamwita msichana wa jirani aliyekuwa anamsaidia, na chai ikaletwa, vikombe viwili. Akanywa. Nilimtazama akinywa, na ni kitu cha ajabu kusema, lakini kikombe kile ndicho kilichonipa ujasiri.

"Metroni, niko na swali."

"Uliza."

"Ile siku ya yule mzee wa Gakindu. Uliingia ofisini na daftari. Uliandika nini juu yangu?"

Aliweka kikombe chini. "Umekaa na swali hilo tangu siku ile?"

"Nimekaa nalo tangu siku ile."

"Na ulikuwa unaniona kila siku."

"Nilikuwa nakuona kila siku, na nilikuwa nakuogopa."

Akanyoosha mkono kuelekea sanduku la bati chini ya kitanda. Nililivuta. Ndani kulikuwa na madaftari meusi yamepangwa mstari, kila moja limefungwa kwa bendeji iliyogeuka rangi ya chai. Hakuhitaji kutafuta. Alinipa moja, akasema, "Soma kwa sauti. Miwani yangu haifai tena."

Fundo lilikuwa gumu, na vidole vyangu navyo ni vya mzee. Nikafungua. Nilishangaa kwanza kwa kitu nisichokiona. Hapakuwa na jina hata moja. Ukurasa baada ya ukurasa kulikuwa na nesi, daktari, mgonjwa wa kitanda fulani, na maneno waliyoambiana. Miaka yote ile tulidhani daftari lile limejaa majina yetu. Ndiyo sababu nami nimemwandika hapa bila jina lake.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wenyewe, na nikasoma:

"Daktari aliuliza, hujampa. Dresa akajibu ndiyo. Dresa alisema sijampa. Daktari alisikia nimempa. Nilikuwa mlangoni, nimeshika shuka. Nilizielewa zote mbili. Nikanyamaza, kwa sababu sikuulizwa mimi."

Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi: "Hii ni mara ya pili."

Nilibaki nimeshika daftari. "Ulijua?" nikasema.

"Nilijua kabla hamjafika mwisho wa korido. Nikasema, daktari ni daktari, atakuwa ameelewa. Nikaendelea kukunja shuka." Aliangalia dirishani. "Ofisini niliwasomea hayo uliyosoma. Walitaka kukufuta kazi kabisa. Niliwaambia basi wanifute na mimi. Wakasema Doldol. Mimi wakanipa umetroni mwaka uliofuata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

"Na mara ya kwanza?"

Msichana alikuja kuchukua vikombe, na Metroni akamngoja aondoke.

"Wakati wa hali ya hatari nilikuwa kijijini, nasaidia kwenye zahanati. Kulikuwa na fundi wa viatu sokoni. Ndiye alikuwa ananitengenezea vyangu. Askari wakamshika, wakaniita. Ofisa mzungu ameketi, na mkalimani. Wakaniuliza, 'Huyu hajawahi kuchukua dawa kwako ya kupeleka msituni?' Nikasema ndiyo. Ni kweli, hajawahi. Mkalimani hakutafsiri hata, maana ndiyo kila mtu anaijua. Ofisa akaandika. Nikaona wanampeleka nje, nikadhani wamemwachilia. Alikuwa ananipungia mkono, Dresa. Alidhani nimemtetea."

Hakurudi, fundi yule. Sikuhitaji kuuliza. Nilitazama miguu yake chini ya shuka. Alikuwa amevaa raba za turubai, zimepakwa chokaa, na niliwaza miaka yote niliyosema kwamba alizivaa ili atunyemelee, kumbe hakupeleka tena kiatu kwa fundi.

"Na Gakindu?" nikauliza. "Nilikuona kwenye stendi."

"Nilikwenda kumwambia yule mama. Kwamba mumewe hakuuawa na pepopunda peke yake. Alinifukuza. Nikarudi, akanifukuza tena. Mara ya tatu akanipa kiti." Akanigeukia. "Sikumwambia lako. Nilimwambia langu. Lako ni kazi yako."

Nimekwenda Gakindu tangu wakati huo, kwa yule mjane. Mimi nilipewa kiti siku ya kwanza, kwa sababu Metroni alikuwa ameshafukuzwa kwa ajili yangu.

Lakini siku ile huko Skuta nilifunga daftari lake vibaya, nikikosea fundo. Nilikuwa nikifikiria gunia, na jinsi nilivyomvika kwa mdomo wangu mbele ya watu waliomheshimu. Nilitaka kuungama na sikujua nianzie wapi. Yeye alinitangulia.

"Kwa hiyo," akasema, "baada ya hayo yote. Hunichukii?"

Ndiyo ilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilimwona akiingoja, kidole kimeinuka kidogo kutoka kwenye shuka, kama vile wodini.

"Sikuchukii, Metroni," nikasema.

"Rudia."

Nilivuta pumzi, maana ile ya kwanza niliisema kwa adabu ya mgeni. Nilipitisha moyoni Doldol, na mtoto wangu wa kwanza aliyejifunza kutembea nikiwa mbali, na barua niliyoitafutia mtego, na yeye amesimama mlangoni na shuka mkononi, amenyamaza. Nilipitia yote, polepole, hadi nikafika upande wa pili.

"Sikuchukii," nikasema.

Alichukua daftari mikononi mwangu, akalifungua fundo langu, akalifunga upya lile lake.

"Hiyo," akasema, "nimesikia."